Fomu Mbili za Waiyego

Kwa miaka kumi na mmoja Joyline Aluoch alikuwa amewahoji watu wa Eldoret kuhusu vyandarua, vyoo, redio wanazosikiliza na nani nyumbani huamua kitakachopikwa, na hakuna fomu yake hata moja iliyowahi kurudishwa. Hilo alijivunia kimyakimya, jinsi mtu mzima anavyojivunia kuwa na meno yake yote. Ndiyo maana Jumanne ile, msimamizi wake Eliakim Obiero alipomgeuzia kompyuta na kumwonyesha mistari miwili iliyopakwa rangi nyekundu, alihisi joto shingoni kabla hajasoma neno.

"Nyumba namba kumi na saba, mtaa wa Pioneer," alisema Obiero. "Waiyego na Waiyego."

"Nyanya na mjukuu. Mjukuu amepewa jina la nyanyake, mama ya babake."

"Hilo najua. Mke wangu ni mtu wa Nyeri. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa, mimi sikuulizwa. Nilijulishwa kwamba ana jina la mama yangu." Aligonga skrini kwa kalamu. "Shida ni hii hapa."

Utafiti ulikuwa rahisi kueleza. Katika kila nyumba walihojiwa watu wa vizazi tofauti, kila mmoja peke yake. Mhojiwa alipewa kadi kumi, kila kadi ina neno moja: utii, bidii, imani, adabu, ukweli, subira, na mengineyo. Aliombwa azipange kwa kufuata kinachofaa mtoto afundishwe kwanza nyumbani hadi kinachoweza kungoja. Majibu yangeonyesha jinsi mambo ambayo nchi inayathamini yanavyobadilika kutoka kizazi hadi kizazi.

"Huyu wa miaka sabini na sita," Obiero aliendelea, "ameweka 'kufikiri mwenyewe' juu kabisa, na 'utii' chini kabisa. Huyu wa ishirini na tatu ameweka utii juu. Joyline, iko wazi. Umebadilisha majina."

"Sikubadilisha."

"Una hakika?"

Siku ya mahojiano kulikuwa na mvua, na bati la jikoni lilipiga kelele hadi ilibidi waongee kwa kupaza sauti. Wanjohi, mtoto wa yule mzee na baba wa yule msichana, aliita "Mama!" mara tatu, na kila mara waliitika wawili, kwa sababu binti yake, kwa kubeba jina la mamake, naye huitwa Mama na babake. Fomu zote mbili Joyline alizihifadhi kwa jina la Waiyego tu. Miaka aliijaza baadaye, akiwa kwake. Alikuwa na hakika kwa asilimia tisini. Asilimia tisini haikuwa hakika.

"Makao makuu Nairobi wanasema fomu hizi zinyooshwe, la sivyo mtaa mzima unatolewa," Obiero alisema, na hakuwa akimtisha. "Nyumba ishirini na nne. Wiki zako tatu. Na mhoji ambaye mtaa wake umetolewa haitwi awamu ya pili. Wewe unajua hivyo kuliko mimi. Bonyeza hapa, majina yanabadilishana, tumemaliza. Sekunde tano."

"Nipe hadi kesho."

"Kwa kazi ya sekunde tano?"

"Naenda kuwauliza tena."

Asubuhi ya Jumatano alimkuta Mama Waiyego mbele ya duka la nafaka la mwanawe, karibu na kituo cha boda boda, ameketi kwenye kiti cha plastiki na chupa ya kioo mkononi. Mwanamume mmoja aliyeleta magunia kutoka Moi's Bridge alikuwa amesimama mbele yake kama mtu anayesubiri hukumu. Ndani ya chupa kulikuwa na mahindi konzi moja na chumvi kavu kijiko kimoja. Mama Waiyego aliitikisa kwa muda mrefu, akaiacha itulie, akaiinua kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, ishara kwamba mahindi yana unyevu.

"Bado," alisema. "Yaanike siku nne."

"Mama, mashine yako ya unyevu imesema kumi na tatu na nusu! Hata Wanjohi ameona!"

"Mashine imesema hivyo, ndiyo. Na chupa imesema bado."

"Sasa tuamini gani?"

"Kwani tuko kanisani?" Alimwaga mahindi yale kwenye sinia, akafuta chupa kwa kitambaa. "Hatuamini. Tunapima tena. Leta konzi nyingine, kutoka gunia lingine, kutoka katikati, si pale juu ulipoyapanga kama maua."

Boda boda wawili walicheka. Mwanamume yule naye akacheka, bila kupenda, akaenda kufungua gunia la tatu.

Joyline alingoja. Alikuwa amewahi kufanya kazi na watu waliosoma takwimu hadi shahada ya pili, na si wote waliokuwa na adabu hii mbele ya kipimo. Kwenye kipimo cha pili chumvi iliganda tena. Mashine, ilipochomekwa kwenye gunia lile la tatu, ilisema kumi na sita. Mwanamume akakuna kichwa. Mama Waiyego hakusema nilikuambia. Alimwonyesha pale turubai lilipokuwa, nyuma ya duka, palipo na jua.

"Mwalimu wa kadi umerudi," alimwambia Joyline, na kumpa mkono. "Tulifeli?"

"Hapana, Mama. Wakati mwingine tunarudia nyumba chache kuthibitisha. Nitauliza swali lile lile moja, wewe na mjukuu wako Faith, kila mtu peke yake."

Hiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa yote aliyoruhusiwa kusema. Sheria ilikuwa wazi: mhojiwa hakumbushwi jibu lake la kwanza, haambiwi mwenzake alijibu nini, wala haonyeshwi kwa uso kwamba kuna jibu linalotarajiwa.

Wanjohi alitoka ndani akipangusa vumbi la mahindi mikononi. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, wa miaka hamsini hivi. "Madam, usijisumbue. Andika utii. Hapa kwetu ni utii, kuanzia juu mpaka chini. Si ndiyo, Mama?"

"Wanjohi," alisema mamake, "nenda uangalie ng'ombe."

"Mama, ng'ombe tuliuza mwaka jana."

"Basi nenda uangalie pale alipokuwa."

Faith, aliyekuwa mlangoni na sare ya wanafunzi wa uuguzi, aliangua kicheko hadi akashika fremu ya mlango. Babake alimwambia, "Mama, hata wewe unanicheka?" kisha akaenda zake nyuma ya duka kwa utii kamili.

Joyline na Mama Waiyego waliingia sebuleni, chumba kilichoungana na duka. Joyline alizichanganya kadi mara mbili mbele ya mhojiwa wake, akaziweka mezani. Mama Waiyego alivaa miwani. Alizisoma zote kumi kwanza, bila haraka, kama mtu anayechagua punje za mbegu. Akazipanga. Joyline alitazama vidole, si uso.

Kadi ya juu kabisa: kufikiri mwenyewe. Ya pili: ukweli. Ya mwisho, chini, karibu ianguke mezani: utii.

Joyline aliandika. Kwa upande wa nyanya hakuwa amekosea. Alifunga fomu, na kwa kuwa mahojiano yalikuwa yamekwisha na udadisi haukukatazwa, aliuliza, "Mama, hukusita hata kidogo. Kwa nini?"

Mama Waiyego alivua miwani. "Wewe ulikuwa hapa elfu mbili na nane, ile fujo ya baada ya uchaguzi?"

"Nilikuwa hapa."

"Basi sitakuelezea yale unayojua. Tulikuwa na shamba upande wa Moiben. Gathogo, mume wangu, alisema tukae. Alisema tukae kwa sababu mzee wa kijiji alisema tukae, na mzee wa kijiji alikuwa ameambiwa na mwingine, na huyo mwingine sijui aliambiwa na nani. Watu wazima wote tulikuwa tunatii. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na sijawahi kumkatalia Gathogo jambo. Yule mtoto wangu wa mwisho, Nyokabi, alikuwa na miaka kumi na sita. Akasema, mimi sikai. Babake akamwambia, keti chini. Hakuketi. Alimchukua Faith, akamfunga mgongoni. Wanjohi alikuwa anafanya kazi Nairobi, alikuwa ametuachia mtoto. Akatoka mlangoni. Sasa mimi ningefanya nini? Mjukuu ameondoka mgongoni mwa mtoto ambaye hasikii. Nikawafuata kuwagombeza."

Alikunja miwani, akitafuta mahali pa kuendelea, si maneno.

"Niliwagombeza mpaka kwa Jepkemboi, jirani. Jepkemboi hakuuliza kitu. Alifungua stoo ya mahindi, akatuweka nyuma ya magunia. Yeye pia watu wa kabila lake walikuwa wamemwambia asifanye hivyo. Unaona? Huyo pia hakutii mtu. Nyumba yetu iliungua saa nane mchana. Gathogo alifika kesho yake, mikono imeungua, hasemi. Siku nne tulikaa mle. Mahindi yalikuwa hayajakauka. Ile harufu mpaka leo naijua kabla ya chupa." Akatabasamu kidogo. "Bahati ilikuwa mtoto. Faith alikuwa na miaka mitano, na kifua kinamsumbua, lakini alilala. Siku nne, mtoto analala tu. Hakujua kitu, namshukuru Mungu. Kwa hiyo mtu akiniuliza mtoto afundishwe nini, mimi namwambia, afundishwe kuangalia kwa macho yake. Hata Faith nimemlea hivyo. Hiyo utii nimeijaribu miaka hamsini na minane."

"Na Nyokabi yuko wapi sasa?"

"Nakuru. Fundi wa umeme. Bado hasikii."

Alisema neno hilo kwa namna ambayo Joyline alikuwa amewasikia akina mama wengine wakitamka shahada za watoto wao.

Faith alikuwa na nusu saa kabla ya kwenda hospitali kwa zamu ya mchana. Nyanyake alirudi kwenye kiti cha plastiki kule nje, naye Faith akaketi mezani, akakunja mikono ya sare.

"Hii tulifanya last time," alisema. "Ama jibu limebadilika?"

"Jibu ni lako. Panga tu."

Joyline alichanganya kadi mara mbili. Faith alipanga haraka, akarudia moja, akaihamisha, akatosheka. Juu kabisa: utii. Ya pili: kuwajali wengine. Kufikiri mwenyewe ilikuwa ya saba.

Joyline aliandika jibu, saa, dakika. Hakuwa amekosea kwa yeyote. Kwa muda aliona nyumba ishirini na nne zikitolewa, moja baada ya nyingine, kama viti baada ya harusi. Alifunga fomu.

"Umemaliza? Sasa naweza kuuliza?" Faith alisema, akielekeza kidevu kwa nyanyake kule nje. "Shosho aliweka nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Lazima aliweka ile ya kufikiri. Huyo mtu wa kufikiri! Nikiwa na miaka saba alikuwa ananiuliza, wewe unaonaje, twende kanisa gani? Mtoto wa miaka saba. Wenzangu wanapigwa wakichelewa nyumbani, mimi naulizwa, unaona saa ngapi ni sawa?" Alicheka, kisha akatazama mlangoni. "Nampenda, usiandike vibaya. Lakini mimi naweka utii. Watu wanafikiri ni kwa sababu ya kazi. Kule theatre, kwa upasuaji, daktari akisema hesabu pamba, unahesabu, huleti maoni. Si hiyo, lakini."

"Ni nini?"

Faith alipunguza sauti, ingawa nje boda boda walikuwa wakibishana kuhusu mpira.

"Kuna siku tulijificha. Nikiwa mdogo. Kwa stoo ya mtu, nyuma ya magunia. Shosho aliniambia vitu vitatu: usikohoe, usilie, usiulize. Na nilikuwa na kifua, na lile vumbi, wewe. Kulikuwa na watu wanapita nje, wanaongea. Nilikuwa nimevaa sweta ya kijani. Nikaiuma. Kila nikisikia kikohozi kinakuja, nauma, nafunga macho. Siku ya nne hiyo sweta ilikuwa na shimo hapa." Alionyesha kifuani, kwa kidole, mahali penyewe. "Sikukohoa hata mara moja. Si kwa sababu nilielewa. Ningengoja kuelewa tungekufa. Nilifanya kwa sababu niliambiwa na mtu ninayemwamini. Kwangu hiyo ndiyo utii. Si kuogopa."

Alikuwa na tabia ya kupanga taarifa kichwani kwa safu, na safu hizi mbili zilikuwa zimepangana zenyewe: stoo moja, siku nne zile zile, kikohozi kile kile. Mmoja alikuwa amehesabu aliyekataa kuketi, mwingine amehesabu aliyekubali kunyamaza. Hakuna aliyekosea hesabu.

"Umewahi kumwambia nyanyako?"

"Kwamba nilikuwa macho?" Faith alishusha mikono ya sare, akafunga vifungo. "Yeye anaamini nililala. Hiyo ndiyo kitu anashukuru kila Desemba tukiomba. Wewe ungemwambia?"

Nje, Mama Waiyego alimsimamisha Joyline kwa kumshika mkono. "Na yule aliweka gani?"

"Mama, siwezi kukuambia."

"Hata kwa kichwa? Hivi, au hivi?"

"Hata kwa kichwa."

Mzee yule alimkazia macho, na Joyline akahisi anapimwa, anatikiswa, anainuliwa kwenye mwanga. "Sawa," Mama Waiyego alisema mwishowe. "Hiyo kazi yako unaijua." Akageuka kumwita Wanjohi aliyekuwa bado nyuma ya duka, akimuuliza kama ng'ombe hajambo.

Ofisini, Obiero alikuwa akila sukuma na ugali juu ya gazeti lililokunjwa. Joyline aliweka tableti mbele yake.

"Nimewauliza tena. Kadi nilizichanganya mara mbili kwa kila mmoja. Nilianza na nyanya, na mara ya kwanza nilianza na mjukuu. Majibu ni yale yale. Sikubadilisha majina."

Obiero alisoma. Alinawa mikono, akarudi, akasoma tena. "Na kama wangebadilisha majibu leo?"

"Ningeandika kwamba wamebadilisha."

"Nairobi hawatapenda."

"Hawakutuajiri ili wapende." Alikaa. Kulikuwa na jambo lililomkera tangu jana, na sasa, akiwa amepata hakika ya fomu zake, aliweza kulitazama. "Bwana Obiero, jana ulisema zinyooshwe. Ulisema sekunde tano. Ulijuaje ni tano?"

Obiero alichukua kalamu, akaiweka chini. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mnyofu, aliyewafundisha nusu ya wahoji wa mji ule kazi yao, Joyline akiwa mmoja wao.

"Ziko sita," alisema. "Langas mbili, Kapsoya moja, Huruma moja, na mbili huko Moi's Bridge. Wazee wamejibu kama vijana, vijana wamejibu kama wazee. Nikaona wahoji wamechanganya."

"Uliwauliza?"

"Nilibonyeza."

"Wahoji wangapi?"

"Sita. Mmoja kila nyumba." Alikuwa ameanza kuona, na Joyline alimwacha aone mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amefundishwa na mtu huyo huyo. "Wahoji sita," Obiero alirudia polepole, "wamekosea namna moja, bila kujuana."

"Na wa saba ukanikuta mimi."

Obiero alivua miwani, akayakanda macho. Aliitazama skrini kwa muda, pale palipokuwa na grafu ambayo Nairobi walikuwa tayari wameisifu: mstari wa utii unaoshuka vizuri kutoka kwa wazee hadi kwa vijana, laini, bila kigongo. Kisha akavuta kompyuta karibu.

"Majibu ya kwanza yamehifadhiwa," alisema. "Nisomee namba za nyumba."

Joyline alisoma. Obiero alirudisha moja baada ya nyingine, na kila mara mstari ule ulipata kigongo kipya. Haikuwa kazi ya sekunde tano. Kwa kila nyumba aliandika sababu, tarehe, na jina lake mwenyewe kama aliyekosea. Hakuna aliyemlazimisha kuweka jina. Joyline aliona hilo, na heshima yake kwa Obiero, iliyokuwa imepungua kwa dakika kumi hivi, ikarudi ikiwa imeongezeka. Kwenye nyumba ya kumi na saba hapakuwa na cha kurudisha. Katika nafasi ya maelezo ya mhoji Joyline aliandika: Majibu yamethibitishwa kwa ziara ya pili. Hayakubadilishwa.

"Wanaweza kututoa sote wawili," Obiero alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma.

"Wakitilia shaka, waje wapime tena."

Alituma. Akaegemea kiti, akamtazama mwanafunzi wake wa zamani kwa udadisi wa kweli, ule wa mtu ambaye ametafuta majibu ya watu kwa miaka thelathini.

"Lakini niambie, Joyline. Umekaa nao. Kwa nini nyanya aseme vile, na mjukuu aseme hivi?"

Joyline alikuwa tayari amesimama, anafunga mkoba. Alifikiria sweta ya kijani, na sala ya kila Desemba.

"Swali hilo halimo kwenye fomu," alisema, akachukua orodha ya nyumba za kesho.